Kujipima akili kwenye meza ya kukatia

Jana usiku umeme ulikatika hapa Ngamiani, nikafunga cherehani na kufungua daftari ambalo mdogo wangu ameniandikia maswali ya kujipima.

Namba hazikunisumbua. 2, 6, 12, 20, kisha? Nyongeza ni 4, 6, 8, basi inafuata 10. Jibu 30.

Hoja ndiyo iliyoninasa. "Mafundi hodari wote wana mkasi mkali. Salehe ana mkasi mkali. Je, Salehe ni fundi hodari?" Nikaandika ndiyo bila kusita. Kumbe haikusemwa kwamba kila mwenye mkasi mkali ni hodari. Hata kinyozi anaweza kuwa nao. Iliniuma, maana ndivyo ninavyowapima vijana wanaokuja kujifunza kwangu: namtazama mtu vifaa, namaliza.

Maumbo nayajua kwa mikono. Kitambaa chenye maua upande mmoja, usipogeuza pateni (karatasi ya kufuatishia umbo) unapokata mkono wa pili wa nguo, unapata mikono miwili ya kulia. Mwaka 1971 huko Marekani, watafiti wa saikolojia Roger Shepard na Jacqueline Metzler waliwaonyesha watu jozi za michoro ya maumbo wakiuliza kama ni umbo lilelile. Kadiri moja lilivyozungushwa zaidi, ndivyo jibu lilivyochelewa, kana kwamba mtu analigeuza kichwani polepole. Nilijipima kwa saa ya simu: pateni iliyoinama kidogo sekunde 3, iliyopinduliwa kabisa sekunde 9. Nilihisi kabisa inavyozunguka.

Nimemwomba mdogo wangu aniandikie hoja 10 zaidi, za aina ileile ya Salehe.