Springi za Starlet na mizani ya viazi

Juzi mshkaji kaniuliza, kaka, umeweka springi gani mbona siku hizi Starlet inakata kona kama ina akili. Nikamwambia tulia ntaandika maana ni story ndefu na inaanza na ujinga wangu mwenyewe.

Gari ni Toyota Starlet ya toleo la EP82, kama kilo 800 hivi bila mimi ndani, inavutwa na tairi za mbele. Tunashindana kukata kona kwa muda kwenye kiwanja cha vumbi huku Uyole, Mbeya, koni hatuna, tunapanga madumu ya mafuta ya kula ya lita 5 tumeyajaza mchanga nusu, mmoja anashika saa ya simu na ukigusa dumu unaongezewa sekunde. Kombe hakuna, kuna soda.

Mwanzo nililalamika kwa fundi kwamba gari inalala sana kwenye kona, fundi hata hakuuliza kitu, akawasha grainda akakata koili moja kwenye kila springi ya mbele, nusu saa tumemaliza, gari imeshuka, imependeza, nikapiga na picha. Jumapili yake sasa. Inaingia kona vizuri, ikifika katikati ghafla pua inakimbilia nje, usukani umekunja mpaka mwisho na gari haitaki, dumu la tatu nililifuata mwenyewe nikalipanda. Kumbe ilikua inakalia ile raba ya juu kwenye strut (mguu wa mbele unaoshika shokapu na springi), nafasi ya kushuka imeisha, na ikishagusa raba ni kama umefunga jiwe, tairi ya nje ya mbele inazidiwa na mzigo inaachia. Alafu ukikata koili husogezi urefu tu, springi yenyewe inakua ngumu zaidi. Kama koili zinazofanya kazi, yani zile zinazobonyea, zilikua 5 ukabakisha 4 umeongeza ugumu robo nzima bila kujua.

Nikaanza kuangalia video za Wamarekani, wanaongelea kilo 6, kilo 8 kwa milimita, yani ili springi ibonyee milimita 1 unaweka kilo 8. Ila wenzetu wanachezea kwenye parking za lami, zimenyooka kama meza. Huku kwetu ukiweka hivyo gari inarukaruka juu ya mashimo, na tairi ikiwa hewani haishiki kitu hata uwe dereva gani.

Kwaiyo nikataka kwanza kujua nilichonacho. Nikatafuta springi orijino za EP82 kwa jamaa mwenye skrepa, nikaenda nazo kwa binamu yangu anaenunua viazi, ana mizani ile ya kusimamisha gunia. Tukaisimamisha springi juu ya mizani, chini ya chesisi ya Fuso yake, katikati jeki na kipande cha mbao. Mi napampu jeki, yeye anasoma. Tukabonyeza kidogo mpaka ikakaa, mizani ikasoma 34, tukaongeza milimita 50 za rula, ikasoma 119. Toa, gawanya, kilo 1.7 kwa milimita. Binamu akasema "ndaga (asante kwa Kinyakyusa), sasa ondoeni chuma chenu nina mzigo wa Dar". (Kama utajaribu usisogeze uso pale, springi ikichomoka haina undugu.)

Baada ya hapo nikaingia soko la Mwanjelwa na vernier (kipimo cha unene) mfukoni. Muuza spea atakwambia hii ngumu mwanangu, hii ya kazi, we muache aongee, pima unene wa waya. Unene ndo kila kitu: waya wa milimita 11 ukiupandisha kuwa 12, upana na idadi ya koili vikabaki vilevile, ugumu unapanda kama asilimia 40. Milimita moja tu! Nikapata pea ya waya wa 12.5, kipenyo kinakaa kwenye sahani ya strut yangu, koili nne na nusu zinazofanya kazi, mizani ya viazi ikasema 3.1.

Kitu ambacho karibu kinichape tena ni urefu. Upande mmoja wa mbele, yani tairi moja, unabeba kama kilo 240. Springi ya 1.7 inabonyea sentimita 14 gari ikisimama tu, hii ya 3.1 inabonyea chini ya 8. Sasa ukifunga ngumu yenye urefu uleule wa orijino gari inanyanyuka sentimita 6, unaonekana kama umeenda kupeleka mbolea Rungwe. Bahati hii pea ilikua fupi, ila sio fupi mpaka iachie sahani ukipiga jeki gari tairi ikaning'inia, hapo nilihakikisha kwa macho kabla ya kulipa.

Nyuma nimeweka za kilo 2. Zinaonekana laini kuliko mbele lakini nyuma kwepesi sana, kwa uzito inaoubeba ugumu wake unakaribiana na wa mbele, na hiyo ndo inasaidia mkia ukubali kuzunguka badala ya pua kukataa. Dumu la tatu sasa naliacha kwa nusu mita.

Kilichobaki ni shokapu, hizi zilikua za springi laini haziwezi kuituliza ngumu, nikibonyeza boneti gari inacheza mara tatu ndo inatulia. Mwenye pea nzima ya EP82 anicheki, za kumwagika oili sitaki.