Ngazi ya vidato 12

Saa tano usiku, Jumapili. Umeme umerudi sasa hivi, friji ya Mama Rehema imeanza kunguruma, na mimi bado namjibu kichwani Babu Faya, mzee aliyekuwa fayamani, mchochea moto wa injini za reli. Siku ya saba leo.

Jumapili iliyopita nilimpelekea lile tangi. Lile lile la makopo ya mafuta ya kupikia, mfano mdogo wa tangi la maji la reli, ambalo nimewachosha nalo tangu Ramadhani. Nililifunga kwa kanga, nikalipakata kwenye boda, nikamwambia kijana aende polepole, nitamwongezea mia tano. Babu alikuwa barazani pale landi, nyumba za wafanyakazi wa reli, redio sikioni. Akalipokea kwa mikono miwili. Akapandisha miwani hadi kwenye paji la uso, maana vitu vya karibu yeye huviona bila miwani, kisha akaanza kupitisha ukucha kwenye paneli, moja moja.

Hapo nikavimba kichwa, nakiri. Paneli ndizo zilizonitoa jasho. Zile za kweli, za chuma kilichoshindiliwa, ni futi nne kwa futi nne. Kwa kipimo changu, milimita 7 kwa kila futi, paneli moja inakuwa milimita 28, na kila moja niliigongea juu ya kibao nilichokichonga mwenyewe mpaka ile alama ya X ijitokeze bila bati kuchanika. Ziko 40, ukihesabu na za chini ambazo hakuna atakayeziona.

Kisha ukucha ukafika kwenye ngazi, ukasimama.

"Hii ngazi," akasema, "aliyeitengeneza hajapanda."

Nikacheka. Nikasema, "Ni mfano tu, Babu."

"Ndiyo," akasema. "Nimeona."

Basi. Akanirudishia tangi langu, akauliza mama anaendeleaje, akaongeza sauti ya redio.

Jumatatu nilikuwa kazini mpakani, Malaba, malori yamepanga foleni mpaka kule kwa wauza chapati, na nikajikuta nimeandika "ngazi" kwenye fomu ya shehena ya mbolea, pale panapotakiwa jina la bidhaa. Hajapanda. Hajapanda ngazi hii? Hajapanda ngazi yoyote? Au ndiyo vile wazee wanavyosema, kwamba mtu wa miaka arobaini na mbili anayegonga makopo usiku hajapanda popote? Na mimi nikamjibu nini? Mfano tu. Miezi minne ya kazi nimeiita "tu" kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya mtu pekee Tororo nzima ambaye maoni yake nilikuwa nayataka.

Hata hivyo "hajapanda" ningeweza kuimeza. Kinachonikaba ni "nimeona."

Jumanne barua ya uhamisho ilifika (Mutukula, kuanzia mwezi ujao, huko ambako hata reli hakuna), jana kwanjula ya Zaina, sherehe ya kutambulisha wakwe, imepita salama na wakwe wamekula wakashiba, na katikati ya hayo yote mimi nilikuwa natafuta kosa limetoka wapi. Nikalipata kwenye picha. Mnaikumbuka, ile ya marehemu baba na rafiki yake, suruali pana, tangi nyuma yao. Tangi lote nilipimia pale: ukishajua paneli moja ni futi nne, unahesabu paneli na umepata urefu, upana, hata miguu. Ila ngazi imefichwa na mwembe. Inaonekana ncha ya juu peke yake. Kwa hiyo nilikata milimita 120, nikaigawa kwa 12, kwa sababu 12 ilipendeza macho. Milimita 10 kati ya kidato na kidato. Rudisha hiyo kwenye ukubwa wa kweli, uzidishe kwa 43 na nusu: sentimita 43 na ushee. Mtu apande hivyo, ndoo mkononi, alfajiri, chuma kina umande.

Na Babu ndiye aliyekuwa akipanda. Hilo nililijua siku nyingi na sikulifikiria hata mara moja nikiwa na mkasi mkononi. Mwaka reli ilipofika Pakwach, 1964, yeye alikuwa klina, msafisha injini, hajawa fayamani bado, na klina ndiye anayetumwa kila mahali ambapo wengine hawataki kwenda. Kufuta masizi, kuchota mchanga, kupanda juu ya tangi kutazama maji yamefika wapi. Wageni wakija na picha za zile injini kubwa za klasi 59, zenye majina ya milima, huwa anazisukuma pembeni kwa kidole. "Hizo za Mombasa na Nairobi. Nzito. Reli zetu zisingezibeba." Yeye anazitaka zile zenye majina ya makabila.

Shemeji yangu, kwa upande wake, anataka kujua treni yenyewe iko wapi. Kila akija. Shemeji, sina treni. Nina mlingoti wa ishara wa bati, wa Hornby, watengenezaji wa treni za kuchezea, kutoka kiwanda cha Binns Road, Liverpool, nilioununua soko la Owino kutoka kwenye rundo la vitasa vibovu, shilingi 15,000, mkono mwekundu umebabuka nusu. Nina taa mbili za jukwaa na kitoroli cha mizigo. Hata ningeipata injini ya aina hiyo ingesimama tu kama mgeni aliyeshushwa kituo si chake: njia yake ni ya milimita 32, kipimo cha reli za Ulaya, na reli yetu ya mita moja kwa kipimo changu ni milimita 23. Mimi napenda vile vitu vilivyokuwa vinaisubiri treni. Nimeshamweleza hivyo shemeji mara kadhaa. Anaitikia kwa heshima, halafu anamtazama dada yake.

Jumatano jioni nilienda kwenye tangi la maji la msikiti na rula mfukoni. Askari akanimulika tochi nikiwa kidato cha nne.

"Unafanya nini huko?"

"Napima."

"Unapima nini?"

Sikuwa na jibu la kumtosheleza, nikasema, "Magoti." Akazima tochi. Nadhani aliona heri asijue.

Sentimita 30, kasoro kidogo. Futi moja. Na kitu ambacho rula isingeniambia: ukifika juu kidogo, macho huachana na ngazi kabisa. Mkono ndio unaokitafuta kidato, na unakikuta pale pale ulipokitegemea, kila mara, na ukikosa kukikuta hata mara moja tumbo linashuka. Nilijaribu kuruka kimoja ili nione ngazi yangu ingekuwaje. Nilishuka haraka.

Ngazi mpya nimeijenga usiku wa Alhamisi na Ijumaa. Nguzo mbili ni mbavu za mwavuli wa Rehema uliokufa na mvua za Aprili. Zina mfereji mdogo kwa ndani, kama zimetengenezwa kwa kazi hii. Vidato ni waya wa shaba kutoka kwenye mota ya feni. Nimepigilia misumari midogo kwenye ubao, milimita 7, milimita 7, milimita 7, nikalaza waya, nikalehemu. Shida ya lehemu ni kwamba ukipasha moto kidato cha sita, cha tano kinalegea na kuondoka zake. Dawa ni pamba iliyolowa maji: unaifunga pale ulipokwisha kulehemu, inafyonza joto, inatoa mvuke, unaendelea. Mama Rehema alilalamikia moshi mpaka nikahamia kwenye veranda, na mbu wakapata riziki yao. Vidato 17. Cha kumi na moja kimeinama upande kwa kiasi cha unywele, nikakiacha hivyo hivyo.

Asubuhi ya jana, kabla ya heka heka za kwanjula, niliiegemeza kwenye tangi mezani. Mama Rehema alipita na sahani ya mandazi, akasimama. Huyu ni mtu ambaye katika miaka yote ya makopo hajawahi kusema neno zaidi ya "toa hapo nifute." Akainama.

"Sasa hii," akasema, "inaweza kumwangusha mtu."

Sijui kama mnanielewa nikisema nilishinda siku nzima na hilo neno. Wakwe wanapiga magoti, msemaji wao anatania, mimi natabasamu peke yangu kama nimeposwa mimi.

Leo baada ya alasiri nikaenda landi na ngazi peke yake, nimeizungushia gazeti. Babu alikuwa amelala. Bibi akasema nisimwamshe, usiku alikuwa na kikohozi. Akaniletea chai, tukazungumzia bei ya mihogo, nikaiacha ngazi juu ya stuli, karibu na redio, na sikuacha ujumbe wowote. Ningesema nini? Bibi aliuliza kama ni uma wa nywele.

Simu haijalia. Na tangi hapa mezani sasa halina ngazi kabisa, linaonekana kama limeng'olewa jino. Ile ya vidato 12 iko kwenye kopo la biskuti, siirudishi. Mutukula nitalipakia vipi hata sijaanza kufikiri.

Halafu mama. Jioni alinionyesha vidonge vyake vya presha vya mwezi huu, na ni vya rangi ya waridi. Jina kwenye boksi ni lile lile, miligramu zile zile, nimelisoma mara tatu chini ya taa. Amekwisha meza viwili na anasema hajambo. Vya mwezi uliopita vilikuwa vyeupe.