Fungate Yetu na Maji Kupwa

Leo mchana, katika ofisi ya wakala wa safari hapa katikati ya jiji la Nairobi, mimi na mchumba wangu tulikaribia kulipia fungate ya mwezi wa Mei kisiwani Unguja, kwa kuwa bei ilikuwa imeshuka mno.

Nikampigia shangazi aliyeko Mombasa.

"Mwanangu, Mei si masika hiyo?"

Tukaisogeza hadi Julai, wakati wa kusi, ule upepo wa kusini, masika ikiwa imekwisha.

Kilichonigusa ni kidole cha mchumba wangu juu ya ramani. Kilitoka Paje, ambako maji hupwa mbali na akina mama hulima mwani, kikaenda Nungwi penye maji ya kuogelea kutwa, kisha kikarudi Paje taratibu.

Anataka kuwaona wakulima hao. Nimempenda upya.

Mliowahi kufika, mwatushauri tulale wapi?