Sauti ya Mnyonge katika Dominika ya Furaha

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Dominika ya tatu ya Majilio tumeiadhimisha padre akiwa amevaa rangi ya waridi, na Kanisa likatuambia tufurahi. Siku moja kabla yake, Jumamosi ya 13 Desemba 2025, ilitimia miaka 15 tangu afariki mwanamuziki wa dansi Remmy Ongala. Nilipotazama kalenda ya liturujia ya mwaka ule wa 2010, niliona kwamba alifariki Jumatatu, na Jumapili iliyotangulia ilikuwa Dominika hii hii ya Furaha, tena ya Mwaka A wa masomo ya Misa kama sasa. Masomo tuliyoyasikia juzi ndiyo yaliyosomwa makanisani siku moja kabla hajafa: Isaya 35, Zaburi 146, Yakobo 5, Mathayo 11. Nimeyasoma upya huku nikimkumbuka yeye, na tafakari ya wiki hii naomba niiandike kwa njia hiyo.

Najua wapo watakaouliza mwanamuziki wa dansi anaingiaje katika Majilio. Wana haki ya kuuliza, na nitafika hapo.

Jina lake lilitajwa katika maombi ya marehemu, kwenye sala ya jumuiya pale Chikongola, huku kwetu Mtwara. Sala ilipokwisha watu hawakuondoka. Mikeka iliyokuwa imeanza kukunjwa ikatandikwa tena. Vijana wetu walimfahamu kwa jina la kituo cha daladala tu, Sinza kwa Remmy, ambacho makondakta wa Dar es Salaam wanakiita kila siku bila kufikiria kwamba wanamtaja mtu. Babu mmoja wa Mikindani, mvuvi aliyestaafu bahari, akawasimulia. Enzi zile redio ilikuwa moja, Redio Tanzania, na betri zilinunuliwa kwa kujinyima. Zikiishiwa nguvu ulizianika juani zipate uhai wa nusu saa. Kaseti zilitoka Dar es Salaam mikononi mwa wasafiri, na kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na masika gari liliweza kulala kwenye tope usiku baada ya usiku. “Kaseti ya Remmy ikifika hapa,” alisema babu, “imeshakula vumbi lote la Nangurukuru, lakini sauti ile ile.”

Mama mmoja alikuwa kimya muda wote. Ni mkubwa wetu katika jumuiya na tunamheshimu sana, kwa hiyo alipoanza kusema sote tulinyamaza. Alikaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto. Miaka hiyo alikuwa akibangua korosho nyumbani pamoja na wanawake wenzake, na mmoja wao alikuwa hodari wa kuanzisha Nalilia Mwana, ule wimbo wa Remmy wa kuomboleza kwa kukosa mtoto. Wenzake waliuitikia kwa kuwa ni mtamu. Yeye aliuitikia ameinamisha kichwa karibu na kikaango, ili machozi yake yasingiziwe moshi wa korosho. “Kanisani sikuwa na pa kulisema jambo langu,” alituambia. “Ningelisema, kila mtu angeniangalia tumbo. Pale kwenye korosho nililisema kila siku na hakuna aliyejua.”

Nilipomsikia nilimkumbuka Hana, mke wa Elkana, katika sura ya kwanza ya Kitabu cha Kwanza cha Samweli. Hana alikuwa akisali, midomo ikichezacheza bila sauti kusikika, na kuhani Eli alimdhania amelewa. Mtu wa Mungu, ameketi penye mwimo wa hekalu la Bwana, aliitazama sala akaiona ulevi. Sitaki tumlaumu Eli kupita kiasi. Aliposikia maneno ya Hana alimwambia aende kwa amani na akamwombea. Lakini ndugu zangu, ni mara ngapi tumesikia kilio kinatoka baa, au kwenye kigodoro cha jirani, au katika redio ya fundi baiskeli, tukasema hizo ni nyimbo za kidunia na kupita zetu? Humo ndani alikuwamo Hana wa jumuiya yetu, na hakuna kati yetu aliyemsikia.

Babu naye alikuwa na lake. Alisema wimbo uliomshinda ni Kifo. Mnaoujua mnajua kwamba humo Remmy anakisemesha kifo chenyewe, kama mtu anayemkabili mwenzake mlangoni. Babu alimzika mdogo wake, na kwa muda mrefu wimbo huo ukianza mahali alinyanyuka na kuondoka. Huku kwetu matanga hatukai kwa dini. Waislamu na Wakristo tunakaa mkeka mmoja, visomo na rozari vinapokezana, maana ndugu ni wale wale. Ilipofika arobaini, babu mwenyewe ndiye aliyeomba kaseti ile iwekwe. Tulipomuuliza kwa nini, alitujibu, “Yule aliuliza nililokuwa naogopa kuliuliza.”

Sasa tuifungue Injili. Yohane yuko gerezani. Mtu aliyemtangaza Masiha mbele ya umati anawatuma wanafunzi wake wakaulize: “Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?” Ni swali zito kutoka kwa mtu mkubwa hivyo. Lingeweza kuwakwaza waliolisikia. Yesu hakumkemea. Aliwatuma warudi wakamweleze Yohane wanayoyaona na kuyasikia: vipofu wanaona, viwete wanakwenda, wafu wanafufuliwa, na mwisho wa orodha, “maskini wanahubiriwa habari njema.” Kisha wale wajumbe walipokwisha kuondoka, Yesu akamsifu Yohane mbele ya makutano kwamba katika wazao wa wanawake hajaondokea aliye mkuu kuliko yeye. Alimsifu baada ya swali lile. Naamini kwa moyo wangu wote kwamba swali la mtu aliyebanwa, akilielekeza juu, Mungu hulipokea kama sala, hata kama aliyelitoa hakupiga magoti, na hata kama lilitoka na magitaa na ngoma.

Remmy aliuliza maswali ya namna hiyo maisha yake yote. Aliimba kwamba mnyonge hana haki. Albamu aliyoitoa Uingereza mwaka 1989 aliipa jina la nyimbo za mtu maskini, na jina hilo alilistahili. Alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, Kongo, akafiwa mapema na wazazi, na mwaka 1978 akaja Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy ya mjomba wake, kabla ya kuwa kiongozi wa Super Matimila. Yatima, na mgeni. Zaburi tuliyoiitikia juzi inasema: “Bwana huwahifadhi wageni, huwategemeza yatima na mjane.” Nilipousoma mstari huo nilisimama. Watu wa kusini hatuhitaji kufundishwa mgeni ni nani. Tuna ndugu ng'ambo ya Ruvuma, na wazee wetu waliwapokea watu waliokimbia vita vya Msumbiji wakiwa na watoto mgongoni. Yule aliyekuja kutoka Kongo alitupa Watanzania maneno ya kusema shida zetu, nasi tukayaimba hadi tukasahau kwamba aliwahi kuwa mgeni.

Zaburi hiyo hiyo, kabla ya kufika kwa yatima na mgeni, imesema jambo jingine: tusiwatumainie wakuu, maana pumzi ya mwanadamu hutoka naye huurudia udongo wake. Kifo hakichagui. Zaburi inalisema hilo katika wimbo wa sifa, unaoanza na kumalizika kwa Haleluya. Haioni aibu kuimba kaburi na Haleluya katika pumzi moja. Kwaya zetu siku hizi zinaogopa kuimba hivyo, na nadhani tumepungukiwa.

Nitakaa kidogo kwenye somo la pili, kwa kuwa limeangukia msimu wetu. Yakobo anasema mkulima huyangoja mazao ya nchi kwa uvumilivu hata yatakapopata mvua ya kwanza na ya mwisho. Nani anajua kungoja kuliko mkulima wa korosho mwezi huu? Umepulizia, umepalilia, umeokota, umepeleka chama cha msingi, mzigo uko ghalani na stakabadhi iko mkononi, na bado unaambiwa subiri. Huku mvua za kwanza zinadondoka na shamba la mahindi linakuita. Tuliposikia neno uvumilivu Jumapili, niliona watu wakitikisa vichwa.

Lakini fungueni Biblia zenu nyumbani mrudi mistari mitatu nyuma, kwenye Yakobo 5:4, ambao haukusomwa. Pale Yakobo anawaambia matajiri kwamba ujira wa wakulima waliovuna mashamba yao, walioushikilia kwa hila, unapiga kelele, na vilio vya waliovuna vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Ujira wenyewe unapiga kelele! Kwa hiyo Yakobo anapowaambia maskini wavumilie, ameshawaeleza kwanza kwamba kilio chao kimesikika. Uvumilivu anaouhubiri ni wa mtu ambaye kesi yake imepokelewa. Na anapoonya tusinung'unikiane sisi kwa sisi, hawazibi midomo wanaodai chao.

Hapa nyimbo za Remmy zinatugusa pabaya, maana si sote ni wanyonge wakati wote. Mimi na wewe tuna vibarua. Kuna mama ametoka Newala au Nanyamba, ameokota korosho zetu tangu Oktoba, analala kwenye kibanda cha shambani, na tumemwambia tutamlipa tukilipwa. Tukilipwa tunakumbuka kwanza bati, ada na pikipiki. Tunaupenda wimbo wa mnyonge kwa sababu tunajiona sisi ndio tunaoimbiwa. Ufungulie tena wimbo huo huku mama yule amekaa karibu nawe, uone kama utaitikia kwa sauti ile ile.

Nirudi kwenye swali la mwanamuziki wa dansi. Inajulikana kwamba miaka yake ya mwisho, baada ya kuugua, Remmy aliacha dansi na kuimba nyimbo za Injili. Wapo ndugu waliosema pale pale Chikongola kwamba hiyo ndiyo sehemu ya maisha yake inayotuhusu, na yaliyotangulia tuyaache. Nafurahi kwamba alimwimbia Yesu kabla hajafa, na ninamshukuru Mungu kwa ajili hiyo. Kuyaacha yaliyotangulia siwezi. Wimbo wake wa UKIMWI, Mambo kwa Soksi, ulikataliwa redioni kwa kuwa ulisema waziwazi juu ya kondomu. Kanisa lina mafundisho yake kuhusu jambo hilo, nami ni mwana wa Kanisa. Lakini nakumbuka jinsi tulivyokuwa wakati ule. Watu walikufa majumbani na sisi tukasema ni malaria, ni kifua, amerogwa. Wagonjwa walikaa vyumba vya nyuma. Mtu mmoja alisimama jukwaani akaliita janga kwa jina lake mbele ya watu, wakati wengi wetu tuliokuwa na mimbari tulinong'ona. Kwa ujasiri huo namheshimu.

Nadhani Bwana hakuanza kumsikiliza Remmy siku alipoimba Injili. Anayehesabu machozi ya yatima alikuwa akimsikia tangu Kindu. Wimbo wa mwisho ulikuja kwa mtu ambaye alikuwa ameshapiga hodi kwa muda mrefu, akiuliza habari za maskini, za kifo na za mama asiye na mtoto, na hayo ndiyo mambo ambayo Yesu alimjibu Yohane nayo.

Isaya anatuambia kwamba waliokombolewa na Bwana watarudi, watafika Sayuni wakiimba, na huzuni na kuugua zitakimbia. Wanaorudi ni watu waliokuwa na mikono dhaifu na magoti yaliyolegea. Nabii amewataja hivyo mistari michache kabla. Njiani wamelia. Nawaza wanafika wakiwa na sauti zile zile walizolilia, na zinatosha kwa sifa.

Mama yetu wa jumuiya, baada ya kusimulia yake, aliombwa auanzishe ule wimbo. Aliuanzisha. Yeye sasa ni bibi mwenye wajukuu, wawili kati yao walikuwa wamelala kwenye khanga yake. Tulimwitikia, hata wale vijana, na katibu wa jumuiya, ambaye si mtu wa dansi hata kidogo, ndiye aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko sote.

Alhamisi hii, katika sala za jumuiya, naomba tusome Zaburi ya 146 yote na Yakobo 5 kuanzia mstari wa kwanza. Mwenye kibarua ambaye hajamlipa aje akiwa ameshapanga siku ya kumlipa, amweleze kabla ya Noeli. Na katika maombi tuseme hivi:

Ee Bwana, unayewahifadhi wageni na kuwategemeza yatima, mpokee mtumishi wako Ramadhani Mtoro, tuliyemwita Remmy, na wote waliotutungia nyimbo ambazo majina yao hatukuyajua. Wasikie wanawake wa kwetu wanaolia mbele ya kikaango. Wasikie waliookota korosho zetu, na utufungue mikono tuwape haki yao. Wanaokuuliza kama wewe ndiwe yule ajaye, uwajibu kama ulivyomjibu Yohane. Amina.