Bibi nyuma, Kolwezi mbele, moto ya 500

Watu wananiulizaga kila siku kama moto (pikipiki) ya 500, ni kusema injini ya karibu cc 500, inaweza kubeba watu wawili mpaka Kolwezi, kule kwenye migodi, na mi najibu inaweza, injini haina shida, shida iko nyuma. Yangu ni Honda CB500X, silinda mbili, 471 cc, na toka Lubumbashi ni kama kilomita 300 za lami. Mara ya kwanza nilitoka vile natembeaga peke yangu, sikugusa amotisere (ile springi ya nyuma inayomeza mashimo) wala upepo wa pneu, basi kila shimo tunagonga chini, taa inaangalia mawingu, na bibi yangu ananipiga ngumi mgongoni, "Papa Junior, unataka kuniua?"

Pale Likasi, njiani, nikaomba funguo kwa fundi, nikakaza springi ya nyuma hatua mbili, nikaongeza upepo, begi nikalitoa mkiani nikalifunga pembeni, chini. Ikawa moto ingine kabisa!

Sasa kamyo za migodi. Ukiwa peke yako unazipita tu, lakini na mtu nyuma lazima ushuke vitesi viwili na usubiri njia iwe wazi mbali sana, maana nguvu inakuja polepole (na vumbi lao, wee). Breki pia, nikikamata kwa ghafla kaske (kofia) ya bibi inagonga yangu, tok! Tukakubaliana: mi nakamata pole, yeye akichoka ananibana na magoti, tunasimama.

Pale Fungurume alinibana mara tatu. Nikamnunulia mto wa kukalia.