Msemaji hafunzwi kwa slaidi

Mafunzo mengi ya wasemaji wa taasisi, wanaojibu maswali ya vyombo vya habari, huanza na slaidi asubuhi nzima, kamera ikaja kuwashwa jioni watu wameshachoka. Ni kupoteza siku. Kamera iwashwe kwanza: kila mshiriki ahojiwe dakika 3 au 4 kuhusu ajali ya kubuni katika taasisi yake, kisha atazame video yake sauti ikiwa imezimwa. Ataona mwenyewe kiti kinavyozunguka, macho yanavyokimbilia dari, na kile kitabasamu cha woga anapotaja waliofariki. Baada ya hapo ndipo asikilize maneno.

Kosa sugu ni kurudia neno la mwandishi wa habari. Akiulizwa, "Je, mlificha uvujaji huu?" asiyefundwa hujibu, "Hapana, hatukuficha chochote." Mhariri anahitaji sekunde 10 hivi tu. Swali litakatwa, na hewani atabaki msemaji akitamka "kuficha". Afadhali: "Tuligundua uvujaji saa 11 alfajiri, na saa 12 zimamoto walikuwa wamearifiwa." Iwe kweli lakini, hakuna mafunzo ya kuokoa uongo.

Jibu la kwanza lianze na walioumia, lifuate linalofanyika sasa, kisha saa ya taarifa ijayo. Mwaka 2010, baada ya wafanyakazi 11 kufa kwenye mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon, mkuu wa kampuni ya mafuta ya BP, Tony Hayward, aliwaomba radhi walioathirika na mafuta yaliyomwagika, halafu papo hapo akaongeza kuwa angependa kurudishiwa maisha yake. Radhi ilisahaulika, nyongeza ndiyo iliyozunguka dunia.

Nyongeza za namna hiyo hutokana na kimya. Msemaji amejibu vizuri, mwandishi anamtazama tu bila kuuliza kingine, naye anaona aibu, anaongeza: "Nadhani labda ni hitilafu ya umeme." Kichwa cha habari kimepatikana. Kwenye mazoezi, mkufunzi anyamaze kwa makusudi sekunde 5 baada ya kila jibu, hadi mshiriki azoee kufunga mdomo.

"Sina la kusema" husikika kama kukiri. Toa sababu: "Siwezi kutaja majina kabla familia hazijaarifiwa." Na "sijui" inaruhusiwa, mradi useme nani anachunguza na lini mtarudi na jibu.

Kipaza sauti cha kubana nguoni nacho kina mazoezi yake. Aprili 2010 Gordon Brown, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, aliingia kwenye gari bado amekivaa, akamsema vibaya mpiga kura aliyetoka kuongea naye, na yote yakarekodiwa. Kwa hiyo mkufunzi aseme "asante, tumemaliza", aanzishe soga, huku akiendelea kurekodi. Wengi hunaswa hapo, hata waliofaulu maswali magumu.

Kuhusu macho: mwandishi akiwa mbele yako, mtazame yeye. Akiwa studio ya mbali nawe unamsikia sikioni tu, tazama lenzi moja kwa moja, hata wakati anauliza, maana huenda uso wako tayari uko hewani.