Siku moja maishani mwangu: tangazo la kustaafisha toleo, na risiti ya Ligula

Saa 11:30 alfajiri. Upepo wa kusi wa mwezi Agosti umevuma usiku kucha hapa Shangani, nami nimeamka kabla ya kengele ya simu kwa sababu ya rasimu niliyolala nayo kichwani. Mimi ni meneja wa bidhaa katika kampuni ya programu ambayo ofisi yake iko Dar es Salaam, ila kazi yangu naifanyia Mtwara. Bidhaa yetu haionekani na mtu wa kawaida, kwa maana ni API, yaani mlango ambao programu moja hupitia ili kuzungumza na nyingine. Watengenezaji wa programu huunganisha na huduma yetu mifumo waliyoitengeneza kwa ajili ya vyama vya msingi vya ushirika, maduka ya dawa, shule na tiketi za mabasi. Huduma hiyo hutunza kumbukumbu ya kila muamala, huipa namba, kisha humtumia mhusika ujumbe mfupi. Kwa hiyo wateja wangu ni mafundi. Mteja wa namna hii hanunui kitu na kuondoka nacho, bali hujenga juu yake, na kwa sababu hiyo anastahili kuambiwa mapema ni ukuta upi tunaokusudia kuubomoa.

Ukuta wa safari hii ni toleo la 2 la huduma yetu, ambalo tunataka kulistaafisha ili watu wote wahamie toleo la 3. Rasimu ya tangazo inasema litazimwa tarehe 30 Novemba.

Saa 1 asubuhi nakunywa chai na mhogo wa kuchemsha huku nikisoma maswali yaliyoingia usiku. Mmoja anauliza kama toleo la 3 liko tayari kutumika au bado liko kwenye majaribio. Ni mtu wa nne kuuliza swali hilohilo wiki hii, na watu wanne wakiuliza jambo moja, kosa si la wasomaji bali ni la maandishi yangu. Katika ukurasa wetu wa mipango nimeandika “linapatikana”, neno ambalo fundi anaweza kulielewa kwa namna mbili: kwamba anaruhusiwa kulijaribu, au kwamba anaweza kulitegemea kwa fedha za watu. Nalibadilisha papo hapo na kuandika kwamba toleo la 3 liko tayari kwa kazi halisi tangu tarehe 1 Julai, kisha nawajibu wote wanne mmoja mmoja.

Saa 2:30 tuna kikao cha simu na wenzangu wa Dar es Salaam. Afisa wetu wa mauzo anaeleza kwamba amemwambia mteja mmoja mkubwa kuwa ripoti za kila saa zitakuwepo mwezi Oktoba. Ripoti hizo hakuna aliyeanza kuziandika. Namwomba kwa heshima ampigie mteja huyo leo hii na kumweleza ukweli, na kaka wa watu, bila ubishi, anakubali. Simlaumu sana, kwa kuwa jambo hilohilo lilinipata mimi mwenyewe mwaka jana. Katika mkutano wa wateja wa mwezi Julai nilisema kwamba huduma ya kutuma ujumbe kwa mkupuo kwa wanachama wote wa chama cha ushirika “inatarajiwa mwishoni mwa mwaka”. Fundi mmoja wa Newala aliichukua kauli hiyo, akaiandika ndani ya mkataba wake na chama, na Desemba ilipofika hatukuwa na kitu cha kumpa. Alikesha siku kadhaa akiandika mwenyewe msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, wa kutuma ujumbe mmoja baada ya mwingine. Mimi nilisema “inatarajiwa”, yeye akasikia “itakuwepo”. Ahadi ni deni, na deni lile lilikuwa langu hata kama sikujua kwamba nimekopa.

Tangu hapo natumia maneno matatu tu ninapoeleza mipango yetu, na kila neno nimelifafanua juu kabisa ya ukurasa. Ahadi ni jambo lenye tarehe, na tusipolitimiza tutaomba radhi na kueleza sababu. Nia ni jambo ambalo timu imeanza kulifanyia kazi, lakini halina tarehe. Wazo ni jambo tunalolifikiria tu, na mteja asilijengee kitu. Wapo wenzangu wanaosema kwamba kuonyesha mawazo kunaleta matatizo na kwamba heri kunyamaza hadi kazi ikamilike. Sikubaliani nao, kwa sababu fundi asipoambiwa tunakoelekea hujikisia mwenyewe, na makisio yake ndiyo anayoyauza kwa mteja wake.

Saa 4 kamili nachukua bajaji hadi Ligula, kwenye chumba kimoja cha ofisi anachofanyia kazi kijana ambaye mfumo wake unatumiwa na vyama vya msingi kadhaa vya korosho. Nina desturi ya kumpelekea rasimu mteja mmoja au wawili na kuketi nao wakiisoma kabla ya tangazo kutoka, kwa kuwa uso wa msomaji huniambia mengi kuliko majibu ya barua pepe.

“Shikamoo dada,” ananiamkia, ananipa kiti, anaanza kusoma. Anafika kwenye tarehe, anasimama.

“Novemba, dada? Novemba tuko ghalani.”

Minada ya korosho huanza kwa kawaida mwezi Oktoba, na kuanzia hapo hadi Januari hakuna fundi wa mifumo ya ushirika katika mikoa ya Mtwara na Lindi anayethubutu kugusa kitu kinachofanya kazi. Mimi ninayeishi hapa, ninayepita barabarani nikikutana na malori ya korosho yakielekea bandarini, niliikubali tarehe iliyopangwa Dar es Salaam kwa kufuata mzunguko wa kazi wa wahandisi wetu. Namwomba radhi na kuizungushia duara kwa kalamu.

Anaendelea kusoma hadi sehemu niliyoipa kichwa “mabadiliko madogo”. Humo nimeandika kwamba namba ya muamala, ambayo katika toleo la 2 ina tarakimu 12, katika toleo la 3 itakuwa UUID, kitambulisho chenye herufi na alama 36. Wahandisi waliniambia kwamba hili ni dogo, kwani kwa kompyuta yote mawili ni maandishi tu. Kijana hasemi kitu. Anavuta printa ndogo ya risiti iliyo pembeni ya meza, ile ya karatasi ya milimita 58 ambayo makarani huwa nayo karibu na mizani, ananakili UUID moja kutoka kwenye maelezo yetu na kuichapisha.

Karatasi inatoka taratibu. Printa ile huweka herufi 32 katika mstari mmoja, basi herufi 4 za mwisho zinadondokea mstari wa pili, zinausukuma chini mstari wa kilo, na jina la chama linakatwa na ukingo wa risiti. Anaichana na kunipa. Naishika mkononi, bado ina joto, na naona alama nne zimekaa peke yake juu ya neno “Kilo”, utadhani ndizo namba yenyewe.

“Mkulima akiona hivi atauliza namba yake ni ipi,” anasema. “Na akipungukiwa malipo, katibu atakusomea herufi 36 kwenye simu?”

Hoja yake ina uzito ambao asiyeijua kazi ya ghalani hawezi kuupima. Mfumo wa stakabadhi ghalani umetumika kwa korosho tangu msimu wa 2007/2008, na katika mfumo huo mkulima hukabidhi mzigo wake leo na kulipwa baada ya mnada, kwa hiyo katikati hapo anachobaki nacho mkononi ni karatasi. Karatasi hiyo hukunjwa, hufungwa kwenye pindo la kanga au kuwekwa chini ya godoro, na siku ya malalamiko husomwa kwa sauti. Kile nilichokiita badiliko dogo kingeharibu ushahidi wa mtu. Aidha, kwa desturi iliyozoeleka katika kupanga namba za matoleo, namba ya kwanza hubadilika pale tu ambapo msimbo wa mteja unaweza kuvunjika, na sisi tulijua tunatoka 2 kwenda 3. Kosa lilikuwa kudhani kwamba sisi ndio tunaoamua ni kipi kinachovunjika.

Naondoka na risiti ile ndani ya daftari.

Saa 7 mchana, juu ya sahani ya wali na samaki wa nazi, nachora mwaka mzima wa wateja wetu. Oktoba hadi Januari ni korosho. Januari shule zinafunguliwa na mifumo ya ada inafanya kazi kuliko wakati mwingine wowote. Kuanzia Mei hadi Julai ni minada ya ufuta, hasa upande wa Lindi, na Agosti inaingia na mbaazi. Nafasi inayobaki ni kati ya Februari na Aprili. Naandika tarehe 31 Machi 2026, ambayo ni Jumanne, siku ambayo Idi itakuwa imepita na mafundi wako kazini.

Saa 8:30 nampigia mhandisi wetu mkuu. Namtumia kwanza picha ya risiti, bila maelezo, nasubiri aitazame. Ukimya wake unadumu kidogo, kisha anasema kwamba wanaweza kubakisha namba fupi ya tarakimu 12 pembeni ya UUID ndani ya toleo la 3, kwa ajili ya kuchapishwa na kusomwa na watu. Kuhusu tarehe anasita zaidi, kwani kuendesha matoleo mawili kwa miezi minne ya ziada ni kazi na ni gharama. Namkumbusha yaliyotokea tarehe 2 Februari 2023, Twitter ilipotangaza kwamba matumizi ya bure ya API yake yangekoma tarehe 9 Februari, siku saba tu baadaye, na watu waliokuwa wamejenga vitu juu yake kwa miaka mingi wakabaki hawajui la kufanya. Tarehe ile yenyewe baadaye ikasogezwa. Sisi si wakubwa kiasi hicho, na kwa hiyo imani ya wateja wetu tukiipoteza hatuna kingine cha kuwashikia. Anakubali.

Tunajadili pia namna ya kuufikisha ujumbe, maana tangazo zuri lisilomfikia mtu ni kazi bure. Barua pepe zetu nyingi huenda kwa aliyesajili akaunti, ambaye mara nyingi ni mhasibu, au ni fundi aliyekwisha kuhamia kazi nyingine. Hivyo tunaamua kwamba kuanzia wiki ijayo kila jibu la toleo la 2 litabeba tarehe ya kuzimwa ndani yake, kwa kutumia kichwa cha Sunset, yaani mstari wa taarifa unaotangulia jibu, kilichoelezwa katika waraka wa kiufundi wa intaneti uitwao RFC 8594 wa mwaka 2019, ili mfumo wa mteja wenyewe uweze kuisoma na kumwonya fundi wake. Mwezi Februari na Machi tutalizima toleo hilo kwa dakika 10 katika siku tulizozitangaza mapema, jambo ambalo GitHub, tovuti ambako mafundi huhifadhi msimbo wao, nao walilifanya kabla ya kuacha kupokea nywila katika shughuli za Git, programu ya kutunza msimbo huo, tarehe 13 Agosti 2021. Aliyesahau ataona kasoro ndogo wakati bado ana nafasi ya kurekebisha. Na tutatuma ujumbe mfupi wa simu, kwa sababu tangu nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika tarehe 12 Mei 2024 na intaneti kuzorota nchini, nimejifunza kutotegemea njia moja.

Saa 10 jioni naanza kuandika upya. Hii ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda kuliko zote, na siifanyi kwa haraka. Sentensi ya kwanza ya rasimu ilikuwa: “Tunafurahi kuwatangazia safari mpya ya maboresho.” Naifuta yote. Mahali pake naandika: “Toleo la 2 litazimwa tarehe 31 Machi 2026, saa 4 asubuhi. Kama mfumo wako unatumia anwani yenye /v2/, utaacha kufanya kazi muda huo usipobadilishwa.” Fundi mwenye dakika moja ameshapata anachokihitaji, na mwenye nafasi ataendelea chini, ambako nimeeleza kila badiliko kwa msimbo wa kabla na wa baada, makadirio ya muda wa kazi, na sababu ya sisi kulistaafisha toleo la zamani. Sababu nimeiandika bila kuipamba: njia ya zamani ya kuthibitisha utambulisho wa mifumo ni dhaifu, nasi hatutaki kuendelea kuilinda.

Saa 12:20 jioni adhana ya magharibi inanikuta bado mezani. Nafunga kompyuta, naswali, nakula na familia.

Saa 3 usiku naifungua tena na kumtumia kijana wa Ligula maandishi mapya. Jibu linakuja baada ya robo saa: “Tarehe nimeielewa, ahsante dada. Hiyo namba fupi, ni ahadi au nia?”

Nasoma nilichoandika na kugundua kwamba sentensi ya namba fupi imekaa chini ya kichwa cha nia, haina tarehe. Nampigia mhandisi mkuu, namwomba radhi kwa kumsumbua usiku, namuuliza lini. Anafikiri, anataja tarehe 15 Septemba, namrudishia tarehe hiyo ili airudie kwa kinywa chake, naye anairudia. Naihamisha sentensi, naiweka chini ya ahadi pamoja na tarehe yake, kisha naliwekea tangazo muda wa kutoka kesho saa 3 asubuhi, saa ambayo sote tutakuwa macho kuwajibu watakaouliza.